Anajua useremala wa kwenye simu, fundi amemrudisha nyumbani

Ndugu washauri,

Salaam kutoka Moshi. Baba watoto amekasirika, mimi nimechanganyikiwa, nikaona bora niulize kabla mambo hayajaharibika zaidi hapa nyumbani.

Nina kijana wa miaka 17. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata daraja la nne. Mwenyewe akasema anataka useremala, nasi tukafurahi, maana ni kazi ya heshima na hapa Moshi watu hawaachi kujenga. Tukakubaliana aombe nafasi VETA, chuo cha ufundi stadi, aanze Januari, na kwa sasa akajifunze kwa fundi jirani yetu hapa Pasua, mwenye karakana ndogo na vijana wawili.

Alikaa wiki mbili, fundi akamrudisha. Alikuja mwenyewe, kwa upole, lakini maneno yake yaliniuma: "Mama, huyu maneno ya useremala anayo, mkono hana." Alimpa akate miguu minne ya stuli, kila mguu ukatoka na urefu wake. Tepu haisomi vizuri. Siku moja alikuwa amepaka gundi kwenye viungo, simu ikalia, akatoka nje kuongea, aliporudi gundi ilishaanza kukauka na kazi ikabidi ikwanguliwe upya. Nusu saa ya kusimama tu anatafuta pa kukaa.

Kinachonishangaza ni kwamba mtoto huyu anapenda kujifunza. Usiku anaangalia video za mafundi wa nje mpaka saa saba, saa nane. Ukimgusia viungo vya mbao atakueleza mpaka uchoke wewe. Anadai fundi ni wa kizamani, hana mashine, na kwamba kila alichoagizwa alikuwa anakijua. Baba yake anasema simu imemharibu vidole na akili, na anataka aivunje. Mimi nauza ndizi sokoni Kiboriloni, natoka alfajiri narudi jioni, siwezi kumkalia mtoto kichwani.

Naomba mnijibu. Tumnyang'anye simu? Ada ya VETA tutoe, au tutakuwa tunatupa hela? Na miezi hii mitano iliyobaki afanye nini kwa uwezo wetu mdogo? Nyuma ya nyumba tuna banda la ng'ombe na kivuli kidogo.

Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi

*

Mama, pole kwa maneno hayo, na asante kwa kuandika kabla simu haijavunjwa. Msiivunje, wala msimnyang'anye. Ihamisheni. Usiku itoke chumbani kwake, na wakati wa kazi itoke mezani. Saa nyingine zote abaki nayo. Ikivunjwa, ataona useremala ndio ulimletea adhabu, na kesho yake ataazima ya rafiki ambayo ninyi hamtaiona.

Kuhusu vidole, mwambie baba asihofu. Hofu hiyo wanayo hata wakubwa: mwaka 2018 Roger Kneebone, profesa wa mafunzo ya upasuaji wa Imperial College London, alilalamika hadharani kwamba wanafunzi wa udaktari wanakuja na alama za juu darasani lakini kukata na kushona kunawashinda, na akahusisha hilo na muda wanaoutumia kwenye skrini. Lakini lile lilikuwa lalamiko la mwalimu aliyeona mengi, halikuwa kipimo. Kuna vipimo vinavyoelekea upande mwingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliohusisha madaktari wa upasuaji 33, ulikuta kwamba waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa wiki walikosea pungufu kwa asilimia 37 na walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 27 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera. Kwa hiyo mikono ya kijana wako ni mizima. Imezoea kioo tu, na kioo hakina uzito, hakina nyuzi, hakina upande mgumu na upande laini, na ukikosea unarudi nyuma kwa kidole. Mbao ikikatwa fupi, imekatwa.

Kubwa ni zile video. Mtoto wako hadanganyi anaposema anajua. Anahisi anajua kweli, na hisia hiyo imechunguzwa. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yao juu ya jambo hilihili. Walioangalia mara 20 video ya mtu anayechomoa kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo walijiamini kuliko walioiona mara moja. Kwenye kurusha mishale ubaoni, walioangalia mara nyingi walitabiri alama nyingi zaidi, lakini walipopewa mishale wakapata sawa na wenzao. Jaribio linalotuhusu zaidi lilikuwa la kurusha na kudaka vigingi hewani: walioangalia kisha wakapewa vigingi wavishike tu mkononi, kujiamini kwao kulishuka palepale. Kushika kifaa tu kuliwarekebisha kuliko video zote. Ndiyo maana hatukushauri ubishane naye kwamba hajui. Mpe mbao.

Video zenyewe zina faida akizitumia kwa utaratibu. Aangalie moja, mchana, kuhusu kazi moja atakayoifanya siku hiyo. Akimaliza afunge simu, aandike hatua kwenye daftari kwa kichwa chake, pamoja na vipimo. Mahali atakapokwama ndipo hapaelewi. Arudi kuangalia dakika hiyo tu. Ni vizuri akiipakua kabla, maana akiwa hewani video inayofuata inajileta yenyewe na bando linaisha kwenye mambo mengine. Ajue pia kilichokatwa: kunoa hakuonyeshwi, mbao iliyopasuka haionyeshwi, na wengi wa mafundi hao wanatumia msumeno wa meza wa umeme na mbao iliyokaushwa kiwandani, vitu ambavyo karakana nyingi za Pasua na Njoro hazina. Fundi wenu hana kosa kwa kufundisha kwa msumeno wa mkono.

Kabla ya kumhesabia uvivu, kuna mambo mawili ya mwili. La kwanza ni macho. Kijana asiyesoma tepu huenda haoni mistari yake. Mpelekeni apimwe hospitali ya Mawenzi au KCMC, na mweleze mpimaji kwamba anahitaji kuona mistari ya milimita kwa umbali wa mkono. La pili ni usingizi. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Anayelala saa nane usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi amelala saa 4. Ukimpa patasi atajikata. Simu ichajiwe chumbani kwenu kuanzia saa tatu usiku. Atakwambia anaihitaji iwe kengele ya kumwamsha: mnunulieni saa ndogo ya mezani. Baba naye yake aiweke hapohapo, angalau miezi hii, ili sheria iwe ya nyumba nzima. Na siku moja kaeni naye mfungue mipangilio ya simu. Kwenye simu nyingi za Android kuna sehemu inayoonyesha kila programu imetumika saa ngapi na simu imefunguliwa mara ngapi kwa siku. Msigombe, aandike takwimu hizo kwenye daftari lake kila Jumapili. Mkikuta kuna kubeti, hilo lizungumzwe peke yake na mapema, maana kisheria mwenye miaka 17 haruhusiwi.

Sasa kazi. Hapo kivulini wekeni meza. Ubao mmoja mnene juu ya farasi wawili wa mbao, yaani vitegemeo vyenye miguu, unatosha, ila ufungwe kwenye nguzo ya banda usitikisike. Meza inayocheza inaharibu kila mkato, na mwanafunzi hujilaumu bure. Urefu wake uwe usawa wa kifundo cha mkono wake akisimama wima mikono ikining'inia. Tunashuku kule kutafuta pa kukaa baada ya nusu saa kulitokana kwa sehemu na meza fupi, maana mtu akiinama muda mrefu mgongo unakufa kabla ya mikono. Sehemu nyingine ni mazoea, na mazoea yanajengwa: wiki ya kwanza afanye vipindi vya dakika 25, apumzike 5 bila simu, arudie mara tatu. Kila wiki aongeze dakika 10 kwenye kipindi. Kufikia wiki ya nane atakuwa anasimama karibu saa moja na nusu mfululizo, na hapo karakana yoyote itampokea. Malengelenge ya wiki ya kwanza ni kawaida. Yasitumbuliwe, yafunikwe kwa plasta, kazi iendelee kwa mkono mwepesi.

Aanze na tepu, kwa sababu pale ndipo stuli ya fundi ilipoharibikia. Kila asubuhi, robo saa, apime vitu 12 vya hapo nyumbani: upana wa mlango, kimo cha kiti, unene wa ubao wa dirisha. Aandike kwa milimita. Jioni baba apime vitatu kati ya hivyo. Tofauti isizidi milimita 1. Baada ya wiki moja arudie kwa inchi, maana wauza mbao wetu wanauza mbili kwa nne na futi 12, ilhali michoro ya darasani iko kwa milimita, na fundi lazima avuke huku na huku bila kufikiri: inchi moja ni milimita 25.4. Kosa la kawaida sana ni kusoma inchi kama sentimita. Inchi kwenye tepu nyingi imegawanywa mara 16, kwa hiyo mistari 3 baada ya 7 ni inchi 7 na tatu ya kumi na sita. Anayesema "saba nukta tatu" amekosea karibu milimita 3. Tena ile ndoano ya chuma mwanzoni mwa tepu inacheza kidogo, na imetengenezwa hivyo makusudi. Inasogea kwa kiasi cha unene wake ili kipimo kiwe kilekile ukiinasa ukingoni mwa mbao au ukiisukuma ukutani. Vijana wengi hudhani imelegea, wanaigonga kwa nyundo ikaze, na tangu siku hiyo tepu inadanganya.

Miguu minne kuwa na urefu tofauti kuna sababu mbili, na kijana wako huenda alifanya zote. Ya kwanza: alikata mguu wa kwanza, akautumia kupima wa pili, wa pili akautumia kupima wa tatu. Kila mara unene wa penseli unaongezeka, na wa nne unatoka mrefu kwa milimita 2 au 3. Dawa ni kuchagua kipande kimoja kiwe kipimo mama, kiandikwe hivyo kwa penseli, na vingine vyote vipimwe kutoka kwake; au zaidi ya hapo, vipande vyote vinne vilazwe pamoja, ncha zikiwa sawa, na mstari upigwe mara moja juu ya vyote kwa skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba. Ya pili: msumeno wenyewe unakula mbao. Njia ya msumeno wa mkono ina upana wa milimita 1.5 hadi 2. Mbao ya mita 3 haitoi vipande sita vya sentimita 50. Mikato mitano ikila milimita 2 kila mmoja, kipande cha mwisho kitatoka sentimita 49. Kwa hiyo anakata upande wa taka, mstari ukibaki mzima kwenye kipande anachokihitaji.

Zoezi la kukata lichukue wiki tatu nzima, wala asiharakishwe. Chukueni vipande vya mbili kwa mbili vya paini, vile vifupi ambavyo wauza mbao na mafundi wanavitupa au kuviuza kama kuni. Achague upande mmoja ulio sawa na ukingo mmoja ulio sawa, aviwekee alama, na skwea iegemee hapo tu kila mara. Apige mstari kuzunguka pande zote nne. Mstari ukirudi ulikoanzia na kukutana, vema. Usipokutana, ama alihamisha skwea upande usio na alama ama mbao yenyewe si mraba. Aifunge mbao kwenye meza kwa klempu, yaani kibanio cha kukaza. Kidole cha shahada kinyooke kuelekea mbele ya mpini wa msumeno, kiwiko kiwe kwenye mstari mmoja na bapa la msumeno. Aanze kwa kuvuta nyuma mara mbili tatu kwa wepesi ili apate mfereji, ndipo asukume, kwa urefu wote wa msumeno. Wanaoanza wanakamata mpini kwa nguvu na kukandamiza. Msumeno unapinda njia, halafu wanajaribu kuunyoosha katikati, nao unakwama. Msumeno mkali hauhitaji kukandamizwa, uzito wake unatosha.

Akate vipande vyembamba vya milimita 20, kumi kwa siku. Kila kimoja akipime kwa skwea na tepu, na juu yake aandike tarehe na kosa: "mm 1 mrefu", "kimelala kushoto". Asitupe hata kimoja wiki hizo tatu. Kulala upande mmoja kila mara maana yake mwili umesimama vibaya. Kulala huku na huku maana yake mkono bado haujatulia. Video haiwezi kumwambia jambo hilo, na hapa simu ina kazi nzuri: kila Jumamosi apige picha ya vipande kumi vya siku hiyo, ailinganishe na picha ya wiki iliyopita.

Kunoa kuje sambamba, na kwa kijana aliyezoea kurukaruka kutoka kitu hadi kitu, hatujaona zoezi linalotuliza zaidi. Ombeni kipande cha kioo kwa mafundi wa aluminiamu, kiwe na unene wa milimita 5 au 6, kingo zake zikwanguliwe kwa msasa zisikate. Bandikeni juu yake msasa wa maji: namba 220, kisha 400, kisha 800. Mgongo wa patasi ulazwe kabisa na kusuguliwa mpaka sentimita 2 za mwisho zing'ae zote. Halafu mteremko wa mbele, pembe ya nyuzi 25, na ncha yenyewe imaliziwe kwa nyuzi 30. Atasugua mpaka aguse kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, ahisi unyuzi mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Usipokuwepo kwa upana wote, hajafika. Jaribio ni kukwangua kichwa cha paini, pale nyuzi zinapokomea. Patasi iliyonolewa inaacha uso laini unaong'aa. Butu inaacha uso uliochanika wenye mavumbi meupe. Butu ndiyo inayojeruhi, kwa kuwa inasukumwa kwa nguvu kisha inateleza. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, muda wote, na mbao ishikwe na klempu.

Mwezi wa tatu wa mazoezi aingie kwenye viungo. Kiungo cha nusu kwa nusu, ambapo kila mbao inapunguzwa nusu ya unene ili zilaliane, hatakihangaikia sana. Kiungo cha ulimi na tundu, ambapo ncha ya mbao moja inachongwa iingie kwenye tundu la nyingine, ndicho cha kukalia. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao, yaani milimita 15 kwa mbao ya 45. Tundu litobolewe kwanza, kisha ulimi ukatwe kulifuata, kwa sababu ulimi ni rahisi kupunguza na tundu haliwezi kupunguzwa. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa kidogo mwishoni. Ukihitaji nyundo tangu mwanzo, utapasua mbao; ukiingia wenyewe, gundi haitausaidia.

Gundi ndiyo sababu kubwa ya simu kutokuwepo mezani, na mweleze hivyohivyo, asidhani ni adabu tu. Gundi nyeupe ya mbao inampa kama dakika 5 hadi 10 kutoka kupaka hadi kukaza, na siku za jua kali na upepo hata pungufu. Baada ya hapo juu yake panaanza kukauka. Kiungo kitaonekana kimeshika, kisha kitaachia stuli ikikaliwa. Simu ya dakika nne imekula nusu ya muda huo. Tena haihitaji hata kupokelewa. Utafiti wa Florida State University uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mlio au mtetemo wa taarifa peke yake, bila mtu kugusa simu, uliongeza makosa katika kazi inayohitaji umakini. Kwa hiyo kuigeuza kifudifudi hakutoshi. Ikae ndani. Kabla ya kufungua chupa ya gundi afanye zoezi kavu: viungo vyote aviunganishe, klempu zikae wazi kwa kipimo, kitambaa chenye maji kiwe pembeni. Akishakaza, asiguse kwa saa moja, na asikalie mpaka kesho yake.

Kazi ya mwisho iwe stuli ileile iliyomshinda: miguu 4 ya sentimita 42, na mbao 8 za kuunganishia za sentimita 30 pamoja na ndimi zake. Hiyo ni mita 4 na sentimita 8. Kwa mikato na makosa nunueni mita 4 na nusu, karibu futi 15, pamoja na ubao wa kukalia. Mbao za chini za pande mbili ziwe juu kidogo kuliko za pande nyingine mbili, ili matundu yasikutane ndani ya mguu na kuudhoofisha. Mbao ya mgrivea inafaa, na mashamba ya kahawa hapa Kilimanjaro yamejaa miti hiyo, ila usinunue mbao iliyopasuliwa juzi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na ndimi zote zitalegea ndani ya miezi michache.

Kwa fundi mrudi, mama, lakini mkishaona stuli imesimama bila kuyumba. Aende nayo kijana mwenyewe, pamoja na vile vipande vilivyoandikwa makosa. Ombeni mwezi mmoja wa majaribio na muandike makubaliano mafupi: saa ya kuingia na kutoka, nani anatoa chakula cha mchana, simu inakaa wapi, na kazi tatu atakazofundishwa mwezi huo. Muandike pia kwamba hatagusa mashine za kukatia za umeme. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 kwenye mazingira hatarishi, hata nje ya sekta rasmi, na msumeno wa umeme usio na kinga ni hatari ya wazi. Fundi mzuri hataona ubaya.

Ada ya VETA toeni. Kijana anayefika akiwa anasoma tepu na ananoa patasi anaanza kufaidika wiki ya kwanza, wakati wenzake wanahangaika na vitu hivyo muhula mzima. Nendeni chuoni hapo Moshi muulize kuhusu fani ya useremala, gharama zote pamoja na vifaa vya kujinunulia, na mwisho wa kuomba. Vyeti vinakwenda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Nafasi ikikosekana mwaka huu, ulizeni pia kuhusu mafunzo ya uanagenzi, na mjue kwamba VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani, kwa hiyo miaka atakayokaa kwa fundi haitapotea.

Msinunue vifaa vyote kwa mkupuo. Wiki ya kwanza ni tepu ya mita 3 au 5, skwea, penseli na daftari. Wiki ya pili msumeno na klempu mbili. Patasi moja ya milimita 12 na nyingine ya 25, na nyundo ya mti, zinaweza kungoja mpaka aanze kunoa. Vya mitumba ni vizuri mkijua kukagua. Msumeno ushikwe mpini ukielekea jichoni na kutazamwa kwa urefu. Ukiwa na mkunjo, uacheni. Patasi yenye kutu juujuu inasafishika, lakini yenye mashimo ya kutu mgongoni karibu na makali haitanoleka vizuri. Skwea ijaribiwe papo hapo dukani: piga mstari, igeuze upande wa pili, piga mwingine juu ya uleule. Mistari ikiachana, skwea imepinda, iwe mpya au ya mtumba. Randa isubiri mpaka akate vipande kumi, vinane vikiwa ndani ya milimita moja.